Adapta ya volti kubwa haiongezi sauti ya kinanda

Hiki ni kinanda cha tatu mwezi huu kuletwa mezani kwangu hapa Chake Chake kikinuka bodi iliyoungua. Mwenyewe kanieleza yale yale waliyonieleza wawili waliomtangulia: "Fundi, harusini watu walikuwa wengi, tukatia adapta ya volti 15 ili sauti itoke." Nyuma ya kinanda, pembeni mwa tundu la adapta, pameandikwa volti 9, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Jamani, sauti haitoki kwenye adapta. Umeme ukishaingia ndani hukutana na regyuleta, inayoushusha hadi volti 5 au chini ya hapo kwa ajili ya chipu. Volti za ziada hazina pa kwenda, hugeuka joto. Regyuleta huhimili kwa muda, pengine nyimbo mbili tatu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika kuwa mambo yamekubali. Ikishindwa, bodi nayo inakwenda. Ukubwa wa sauti ni kazi ya amplifaya na spika. Ukumbi ukiwa mkubwa, chomeka waya kwenye tundu la kutolea sauti, peleka kwenye mixa, mashine ya kuchanganya sauti, basi.

Na hao hao wanaothubutu kuongeza volti huiogopa adapta ya ampea 2 kwa kuwa kinanda kimeandikwa ampea 1. Hapo hapana hofu yoyote. Volti ni msukumo na lazima zilingane na zilizoandikwa. Ampea kwenye adapta ni uwezo wake, kinanda huchota kiasi kinachohitaji. Iliyopungua ampea ndiyo ya kukataa. Tazama pia alama ya chanya na hasi: kuna vinanda vinavyotaka chanya katikati ya plagi na kuna vinavyotaka hasi.

Wavuvi wa Wesha hunielewa upesi nikiwapigia mfano wa samaki taa mwenye umeme. Kila upande wa kichwa chake ana kiungo chenye umbo la figo, na ndani yake mna seli bapa zilizopangwa kama sarafu, safu juu ya safu. Seli moja hutoa takriban sehemu ya kumi ya volti tu. Seli za safu moja zimeungwa mfululizo, kwa hiyo volti zinajumlishika. Safu zenyewe, mamia kwa mamia, ziko sambamba, kwa hiyo ampea zinajumlishika. Taa wengi wa namna hii hutoa volti 50 hivi, na mkono wa mtu mzima unakufa ganzi. Samaki wa umeme wa mito ya Amazon, yule mrefu kama mkunga, alipimwa akakutwa na volti 860. Aina hiyo ilitangazwa mwaka 2019. Tofauti inatokana na maji wanamoishi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, msukumo mdogo unatosha. Maji ya mto hukaidi, ndiyo maana samaki yule amepanga maelfu ya seli mfululizo. Kila mmoja ana volti zinazomfaa mahali pake, na kinanda chako ni hivyo hivyo.

Aina hiyo ya Amazon imepewa jina la Alessandro Volta, ambaye volti nazo zinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1800 Volta alipanga visahani vya metali na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na betri yake hiyo akaifananisha na kiungo cha taa. Kila betri unayotia kwenye kinanda imeanzia hapo.

Wapo wanaosema taa huyo ananyonya umeme baharini. Sivyo. Seli zake zimetokana na misuli, zinafyatuliwa na neva, na akipiga mara nyingi mfululizo huchoka. Wala si taa mwenye mwiba mkiani. Yule ana sumu, na jeraha lake hutumbukizwa katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili, kisha hospitali.

Jengine wanalosema: "Genereta likilegea, kinanda kinashuka toni." Hilo lilikuwa kweli kwa ogani ya Hammond, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935. Ndani yake magurudumu 91 ya chuma huzunguka mbele ya sumaku, yakiendeshwa na mota inayofuata hezi za umeme, yaani mizunguko yake kwa sekunde. Iliyoundwa kwa hezi 60 za kwao, ukiiwasha kwa hezi 50 zetu, inashuka nusu toni tatu. Vinanda vya sasa hupima mwendo kwa kioo cha kwatzi kilichomo ndani. Umeme ukipungua mno kinazima, lakini hakishuki. Kikishuka, tazama kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha na kushusha toni, yupo mtoto aliyekibonyeza.