Kabla ya mwandiko, natazama miguu

Mama mmoja wa Kadutu, komini ya mji wa Bukavu huku Kongo, aliniletea kijana wake wa miaka minane na madaftari matatu. "Dokta, huyu ni mvivu wa kuandika. Mwalimu amechoka naye." Mimi si dokta. Nafanya ergoterapi: namsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku, na za mtoto wa shule ni kuandika, kucheza, kufunga vifungo vya shati, kula bugali bila kujipaka.

Madaftari niliyaacha mezani. Nilimwambia mtoto akae aandike jina lake, nami nikatazama chini. Miguu ilikuwa inaning'inia.

Mtoto asiyekanyaga chini hana pa kujishikiza. Kiuno kinateleza, bega linapanda, na mkono wa kushika kalamu unageuka nguzo ya kuegemeza mwili. Akimaliza mistari miwili amechoka, analaza kichwa kwenye benchi, naye mwalimu anaona uvivu. Niliweka matofali mawili chini ya nyayo zake na kutafuta meza inayofika kwenye kiwiko. Siku hiyohiyo herufi zilianza kukaa juu ya mstari.

Nguvu ya vidole huanzia begani, na hapa Bukavu mazoezi ya bega yako nyumbani. Kutwanga sombe (majani ya muhogo), kukamua nguo iliyofuliwa, kupandisha kilima na kibidoni cha maji kinacholingana na umri wake. Kwa vidole, mpe achambue maharage. Naomba wazazi wasiwaondolee kazi hizi watoto wanaoandika vibaya ili wapate muda wa kunakili zaidi. Kunakili peke yake kunamchosha tu.

Kuna pia wanaotumia mkono wa kushoto. Hili linaniuma, kwa sababu bado naona watoto wanaopigwa vidole ili wahamie kulia. Mwache. Daftari lake liinamishwe, pembe za juu zielekee kulia, na ashike kalamu juu kidogo ili aone anachoandika. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa za bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, benchi la wawili linabeba wanne. Basi mwalimu amkalishe upande wa kushoto kabisa wa benchi. Akikaa katikati, kiwiko chake kinagongana na cha jirani kila neno, na ugomvi wote unahesabiwa kuwa wake.

Si kila shida ni ya benchi. Macho yapimwe kwanza. Na mtoto wa miaka saba ambaye bado hawezi kunakili pembetatu, anayejikwaa kila mara, anayeshindwa na vifungo ambavyo mdogo wake anafunga, mleteni tumtazame.

Yule wa Kadutu, matofali yake hubebwa darasani na dada yake mkubwa. Mwalimu amewatengea pembe ya kuyaweka.