Kupandikiziwa sesheni si kuibiwa sesheni

Fundi akikuta mgeni ndani ya paneli ya usimamizi, huandika "sesheni imeibwa", kisha anawasha HTTPS (usimbaji wa mawasiliano ya tovuti), anabadilisha nenosiri na kufunga kazi. Kama sesheni ilipandikizwa, tundu bado liko wazi.

Sesheni ni kumbukumbu ya seva kuhusu anayetumia mfumo. Namba yake hukaa kwenye kuki, yaani data ndogo inayotunzwa na kivinjari. Mwizi huichukua namba hiyo baada ya msimamizi kuingia. Mpandikizaji hutangulia: anaweka namba anayoijua, halafu anasubiri msimamizi aihalalishe mwenyewe. Mtaalamu wa usalama Mitja Kolšek alipoieleza kasoro hii mwaka 2002 aliigawa hatua tatu, yaani kuandaa namba, kuipandikiza na kuingia nayo.

Msimu wa korosho, kompyuta ya chama cha msingi cha ushirika, iwe Masasi au Nachingwea, hushikwa na karani, mhasibu na meneja. Mtu anafungua ukurasa wa kuingilia kwenye mfumo, na seva inatoa PHPSESSID, kuki yenye namba ya sesheni, hata kabla ya nenosiri. Anabonyeza F12 kufungua zana za kivinjari zinazoonyesha kuki, ananakili namba, anaacha ukurasa wazi. Meneja anakuja na kuingia kihalali. Seva haibadilishi namba, inaiwekea tu alama kwamba huyu ameingia. Yule wa kwanza anaiweka namba ileile kwenye simu yake na kuwa meneja. HttpOnly, alama inayozuia hati (script) za ukurasa kusoma kuki, haimzuii, maana hakuhitaji hati hiyo. Hata msimbo wa mara moja wa SMS haumzuii, kwa kuwa meneja ndiye aliyeujaza.

Wengine huwasha session.use_strict_mode, mpangilio wa PHP (lugha ya kuandikia programu za wavuti), wakadhani wamemaliza. Hiyo hukataa namba za kubuni tu. Namba iliyotolewa na seva yenyewe hupita.

Dawa ni kutoa namba mpya mara nenosiri linapokubaliwa na kuiua ya zamani: session_regenerate_id(true) kwenye PHP. Ile true ndiyo inayofuta kumbukumbu ya zamani, na ndiyo husahaulika. Pima hivi: andika namba kabla ya kuingia, ingia, itazame tena. Isipobadilika, kasoro ipo. Ikibadilika, ijaribu ile ya zamani kwenye kivinjari kingine; ikikuingiza, kasoro ipo bado.

Kama paneli ni ya ruta (kifaa cha kugawa intaneti) ambayo huwezi kuhariri programu yake mwenyewe, isasishe, funga paneli yake isifikike kutoka intaneti, na uingie kwa dirisha jipya la faragha ukiandika anwani mwenyewe.

Kwenye ripoti, basi, tuulize kwanza namba ilijulikana lini. Ikiwa ni kabla ya kuingia, tuandike "imepandikizwa".