Rejista ya Windows haihitaji fagio

"Fundi, nisafishie rejista, mashine imekuwa nzito." Hapa Moshi naambiwa hivyo na mhasibu, na mwanachuo, na mama wa steshenari kule Mbuyuni. Rejista ni ghala la mipangilio ya Windows na ya programu zako. Kila mmoja ameshapakua kiprogramu cha bure, kikamwonyesha "makosa" mia nane kwa rangi nyekundu, kisha kikadai pesa ili kiyaondoe.

Mabaki ya rejista hayaifanyi kompyuta kuwa nzito. Windows haisomi rejista nzima kila inapotafuta kitu. Inafuata njia mpaka kwenye ufunguo (kifungu cha mipangilio) inaoutaka, basi. Ufunguo wa programu uliyoitoa mwaka juzi umelala tu, hakuna anayeuita. Ukifuta mia nane za namna hiyo umeokoa kilobaiti chache, na huku RAM ni GB 4 na Chrome imefunguliwa kurasa ishirini. Weka SSD (diski ya kasi), bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, na kwenye Startup uzime programu zinazojiwasha zenyewe, halafu ndipo uje tuzungumze habari za rejista.

Tena visafishaji hivyo vinakisia. Kikiona ufunguo unaotaja faili lisilopo, kinauita takataka, kumbe faili liko kwenye diski ya nje uliyoichomoa asubuhi. Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba hawaungi mkono matumizi yake, na kwamba madhara yake huenda yakakulazimu kuweka Windows upya. Mtu anafuta "makosa" jioni, asubuhi printa haiitiki na wateja wa kutoa kopi wamejaa mlangoni. Hapo ndipo fundi anapigiwa simu.

Pa kugusa kwa mkono pako, lakini ni padogo: programu imeshatoka, jina lake limeng'ang'ania kwenye orodha ya programu ndani ya Settings. Fungua regedit (kihariri cha rejista), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall. Kama programu ni ya biti 32 na Windows ni ya biti 64, njia ni ileile ila baada ya SOFTWARE pitia WOW6432Node. Funguo nyingine zina majina ya tarakimu na herufi tupu. Usibahatishe, soma DisplayName (jina la programu) upande wa kulia. Bofya kulia, Export, hifadhi, ndipo ufute huo mmoja. Mmoja!

"Nikiharibu, si Windows ina nakala yake?" Ilikuwa nayo. Tangu Windows 10 toleo la 1803, la mwaka 2018, folda ya RegBack, ilimokuwa ikiwekwa nakala hiyo, haijazwi tena yenyewe. Ifungue uone mafaili ya 0 KB. Na System Restore, inayoirudisha Windows ilivyokuwa awali, kwenye mashine nyingi imezimwa. Iwashe, tengeneza pointi ya kurejesha kabla hujagusa kitu.

Lile faili la .reg ulilohifadhi nalo lina mipaka: linarudisha ulichofuta, lakini kilichoongezwa baadaye haliking'oi.

Na wewe unayefuta folda ndani ya Program Files ukidhani umeitoa programu, mabaki yote hayo unayatengeneza mwenyewe. Kama umeshafuta, sakinisha tena programu ileile, toleo lilelile, kisha uitoe kupitia Settings.