Hadithi za Bekari: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Hadithi za bekari, yaani zile ambazo mhusika wake mkuu ni mwoka mikate, ni tulivu mno, hazina msukosuko.

Msukosuko upo, ila saa yake ni donge la unga. Chukua kilo 1 ya unga wa ngano, mililita 600 za maji, gramu 10 za hamira kavu na gramu 18 za chumvi. Likishakandwa, donge hilo halimsubiri mtu. Mchana wa Novemba hapa Dodoma, joto likigonga nyuzi 30, huumuka maradufu ndani ya saa moja hivi. Alfajiri ya Julai, donge lilelile huhitaji saa mbili na zaidi. Sasa mwache mhusika atoke kuamua ugomvi wa majirani. Akirudi, donge limefika ukingo wa beseni. Anabonyeza kwa kidole: kishimo kikijaa upesi, bado, kikijaa polepole na kuacha alama, liko tayari, kisipojaa kabisa, amechelewa. Utando wa gluteni, protini ya ngano inayoshika hewa ndani ya donge, umechoka, hewa inatoroka, na mkate utatoka bapa wenye harufu ya pombe. Aliyewahi kuumua maandazi ya asubuhi atausoma ukurasa huo roho mkononi.

Dhana: Bila theluji na mitaa ya Ulaya hainogi.

Kinachomtuliza msomaji ni ukali wa nje na joto la ndani, na hayo Dodoma tunayo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni baridi, upepo mkavu unavuma. Upepo huo una kazi katika hadithi: donge lisipofunikwa kwa kitambaa kibichi, uso wake hukauka ukafanya gamba, na mkate hupasuka ubavuni.

Wala tanuri si lazima. Sufuria kubwa, mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, chombo cha keki juu yake, mfuniko wenye makaa: bekari imefunguliwa. Makaa mengi yakae juu, machache chini. Ukigeuza, kitako kinaungua huku katikati bado ni uji. Zabibu kavu ziloweke kwanza kwa dakika 15 na uzikaushe, la sivyo zitanyonya maji ya donge.

Dhana: Harufu ndiyo inayovuta.

Harufu kila mwandishi anaiandika, na ikitajwa mara ya tatu haimnusishi mtu. Masikio yamesahauliwa. Mkate ukitolewa motoni, ganda husinyaa linapopoa na kuatuka kwa milio midogo midogo. Ugeuze, ugonge kitako. Ukiiva hulia kama ngoma tupu. Tungependa kuyasoma hayo mara nyingi zaidi.

Dhana: Hakuna anayekufa.

Marekani na Uingereza kuna hadithi nyingi za upelelezi ambamo mwenye bekari ndiye anayemsaka muuaji. Mauaji hayaonyeshwi waziwazi, damu haielezwi kwa kina, na mkosaji hupatikana.

Dhana: Mapishi yanayowekwa ukurasa wa mwisho wa hadithi ni pambo.

Kuna wasomaji watakaoyapika jioni hiyohiyo. Kwa hiyo usiandike “maji ya moto”, andika “maji ya uvuguvugu, yasiyochoma kidole”. Yakipita nyuzi 60 hamira hufa, na msomaji atakaa saa mbili akilitazama donge lisilopanda.