Pesimeka haisukumi damu

"Huyu ana pesimeka, kwa hivyo hata moyo ukichoka, kile kifaa kitasukuma damu." Kauli hii haiishi wodini, hasa kwa wanafunzi wa uuguzi wanaoanza kusoma utepe wa ECG, yaani karatasi inayochorwa umeme wa moyo. Si kweli. Pesimeka, kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, hutoa cheche ndogo ya umeme kwa wakati maalumu, basi. Kusukuma damu ni kazi ya misuli ya moyo wenyewe.

Jina limetoka kwenye Kiingereza cha mbio: ni mkimbiaji anayetangulia ili wenzake wafuate kasi yake. Hambebi mtu. Wala jina hilo halikuanzia kwenye mashine. Mwaka 1907 Arthur Keith na Martin Flack walieleza fundo la SA, kijifundo cha seli kilicho kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo, na fundo hilo ndilo pesimeka ya asili. Mashine ya kwanza kupandikizwa mwilini ilikuja 1958 huko Sweden. Kwa hivyo sote tuna pesimeka ya asili. Fundo la SA huongoza kwa mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Likinyamaza, fundo la AV, lililo kati ya vyumba vya juu na vya chini, hushika kwa 40 hadi 60, na vyumba vya chini kwa 20 hadi 40. Wanaoiita "betri ya moyo" wanazidisha mkanganyiko, maana betri ni sehemu moja tu ya kifaa.

Aliyewahi kuona jahazi likiburutwa pwani Nungwi, Unguja, hana haja ya maelezo marefu. Mmoja huita, wengine huitika na kuvuta. Mwitaji havuti.

Sasa tazama utepe. Ukienda milimita 25 kwa sekunde, mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mkubwa ni 0.2. Mwito wa pesimeka ni kijiti chembamba kilichosimama wima. Kama waya wa pesimeka uko chumba cha chini cha kulia, kijiti kifuatwe papo hapo na QRS (alama ya umeme wa vyumba vya chini) pana, kwa kawaida miraba midogo 3 au zaidi. Huko ndiko kuitika. Kijiti kikibaki peke yake, chumba hakikuitika: huenda waya umehama, betri imechoka, au potasiamu imepanda mno katika damu.

Kijiti kisipoonekana, usikimbilie kusema kifaa kimekufa. Kwenye waya wenye ncha mbili kijiti huwa kidogo sana, pengine hakionekani kabisa. Tena pesimeka iliyopangwa kwa mtindo wa VVI na kuwekwa mapigo 60 hunyamaza kwa adabu moyo ukijipiga 75: V ya kwanza ni chumba kinachoitwa, ya pili kinachosikilizwa, na I ni kunyamaza ikisikia pigo. Ikiwa kiziwi, itaita ovyo, hata juu ya wimbi la T (vyumba vya chini vinapojiandaa upya), na hapo mapigo ya hatari yanaweza kuzuka. Ikisikia visivyokuwepo, mathalani mtikisiko wa misuli ya kifua, itanyamaza pasipo haki na mgonjwa ataanguka.

Na hata QRS ikiitika vizuri, utepe umekuonesha umeme tu. Monita inaweza kuhesabu vijiti ikaandika 70 huku mgonjwa hana mpigo hata mmoja. Anayepigishwa moyo kwa pedi za kifuani ndiye huwapoteza wengi: misuli ya shingo huruka kila cheche, ukadhani umeshika mshipa. Shika kinenani.

Kwa hivyo badala ya kuandika kwenye faili "pesimeka inasukuma 70", andika vitatu: vijiti 70, QRS 70, mpigo wa kinenani 70. Hicho cha tatu kikiwa tafauti, mwite daktari kabla hujafunga faili.