Uzito wa divai nyeupe hautoki kwenye bei

Kwa miaka mingi watu wameaminishwa kwamba divai nyeupe ni nyepesi kinywani, na kwamba ukipata iliyo nzito basi lazima iwe ghali, imelala kwenye pipa la mwaloni. Si kweli.

Uzito huanzia shambani. Zabibu zilizoiva sawasawa, kama Chardonnay au Viognier, zina sukari nyingi. Hamira huigeuza kuwa alkoholi, nayo huifanya divai ijae kinywani. Kisha huja bakteria. Hawa hubadili asidi ya maliki, ile kali ya tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki, ya maziwa, iliyo laini zaidi. Wakiwa kazini hutoa kemikali iitwayo diasetili, ndiyo maana divai hunukia siagi ilhali haijatiwa siagi hata chembe. Mashapo ya hamira iliyokufa nayo yakikorogwa mara kwa mara, divai huteleza ulimini kama krimu.

Yote haya hufanyika vizuri tu ndani ya tangi la chuma. Kilicho ghali ni pipa jipya la lita 225. Anayetaka ladha ya mwaloni kwa gharama ndogo hutumbukiza vipande vya mbao tangini, na mimi sioni ubaya wowote.