Mkanda wa taimingi ukikatika, si kila injini imekufa

Katika makundi ya WhatsApp ya wenye magari hapa Dar es Salaam huzunguka ujumbe usemao kwamba mkanda wa taimingi ukikatika, injini yoyote imekufa, hivyo mwenye gari atafute injini ya mtumba bila kupoteza muda. Tunaomba ujumbe huo usisambazwe tena, kwa kuwa umewaingiza watu wengi katika gharama zisizo za lazima.

Kazi ya mkanda huo ni kuoanisha mzunguko wa shafti ya chini, inayoendeshwa na pistoni, na ule wa shafti ya juu, inayofungua valvu. Ziko injini ambazo pistoni na valvu hupishana katika nafasi ileile. Humo, mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu na kuzipinda, na injini nyingi za dizeli ni za namna hiyo. Nyingine zina nafasi ya kutosha, kwa hiyo gari huzima tu, na mkanda mpya huweza kuirudisha barabarani. Magari kama Toyota IST hayana mkanda huo kabisa, bali hutumia cheni.

Mkanganyiko unaeleweka: aliyepata hasara kubwa ndiye husimulia zaidi.

Mkanda ukikatika, usiendelee kupiga stata. Mwombe fundi athibitishe aina ya injini kwa namba yake, kisha apime kila silinda kama inashikilia hewa, kabla hujakwenda Kariakoo kuulizia injini.